Notisi ya Miezi Mitatu

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, nguo za kazini bado mwilini. Siumwi popote, kwa hiyo usianze kuhesabu dawa. Shemeji hajambo? Bado anaondoka na lori Jumatatu na kurudi na vumbi hadi kwenye nyusi? Na mwanangu Tonge mnamwonaje? Uliniambia kwamba lile koti nililomletea Desemba limeshambana mabegani. Nilishangaa. Naona kama ni juzi tu.

Ulisema tuandikiane kwa sababu kwenye simu mimi husema "salama" kama mashine ya kutoa tiketi. Haya, naandika. Jambo lenyewe ni hili: nataka kuacha kazi.

Sijagombana na mtu. Mkurugenzi wa fedha ananiheshimu, watu wa idarani wananisikiliza, na mwaka huu tena ni mimi ninayefunga hesabu za kampuni nzima. Ila tangu Baba Tonge atutoke, nafika ofisini, nawasha kompyuta, nazima kompyuta, narudi. Ya katikati siyakumbuki. Wateja wetu wa bima wanaunguliwa nyumba, wanagongwa na magari, wanakufa, na mimi hayo yote nayaona kwenye safu moja inayoitwa madai yaliyolipwa. Zamani nilikuwa nikifika kwenye safu hiyo nasimama kidogo. Siku hizi napita.

Unakumbuka nilivyorudi kazini wiki moja baada ya maziko, nawe ukamchukua Tonge "mpaka nikae sawa". Alikuwa na miaka minne, sasa ni sita. Nimeona bora niache, nije huko, nikae na mwanangu.

Lakini siwezi kuondoka hivi hivi. Wakaguzi wa hesabu wanaingia Februari; nikiondoka sasa nitakuwa nimewatwisha wenzangu mwaka mzima. Bonasi nayo hutoka Machi, na aliyekwisha kuandika barua ya kuacha kazi haipati. Halafu mkataba unadai notisi ya miezi mitatu. Nataka nitoke vizuri, Dada, nisibamize mlango. Unaonaje?

Mbusu Tonge.

Mdogo wako,
Kasuku


30 Januari

Kasuku mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imekunjika kona moja, lakini maneno yote yalikuwemo. Sisi huku wazima. Shemeji yako yuko njiani na shehena ya saruji, kwa hiyo safari hii nyusi zitakuwa nyeupe. Karakana ina kazi hadi mlangoni. Hoteli moja imeniletea viti vyake vyote vya ukumbini, na kila kiti ninachofungua nakuta sponji imegeuka unga. Watu wamevikalia miaka na miaka bila kujua chini yao hakuna kitu.

Tonge ameanza kusoma herufi. Nimempa sumaku, anaokota misumari sakafuni huku akiiimbia. Anakula kumshinda Shemeji yako na analala bila kuamka.

Sasa hilo la kazi. Sikukatazi. Lakini wewe ni mtu wa ofisi kubwa, si kama mimi ninayefunga mlango nikichoka. Kazi huagwa kama mgeni anavyowaaga wenyeji: hanyanyuki wakati wanapakua chakula. Subiri wakaguzi watoke. Subiri bonasi iingie, hilo ni jasho lako. Na usimwambie mtu yeyote pale kabla ya bosi wako. Siri ya wawili hufika kwa kumi kabla chai haijapoa. Tonge yuko mikononi mwangu. Yeye hana haraka, nami sina haraka.

Unalala? Umeniandikia kurasa mbili na hukusema kama unalala.

Ni mimi,
Dada yako


22 Machi

Dada,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya. Wakaguzi walikaa kuliko walivyoahidi. Mmoja wao aliniuliza swali lilelile kila siku, ila kila siku alilivalisha shati jingine. Wote walicheka nilipolisema hilo, nami nikaona kwamba nimesema kitu cha kuchekesha. Msalimie Shemeji. Huku mvua imeanza na dari la sebuleni kwangu linavuja tone moja moja. Nimeweka ndoo na nimezoea mlio wake.

Hesabu zimefungwa, zimesainiwa. Bonasi imeingia. Ujumbe ulikuja kwenye simu nikiwa kwenye kikao, nikausoma, nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kusikiliza.

Wiki iliyofuata nilichapa barua. Fupi, kama ulivyonifundisha baba alipotutuma kwa watu: sema ulichotumwa, urudi. Nikaiweka kwenye faili, nikaenda kwa Mkurugenzi. Kabla sijakaa vizuri akaanza yeye. Meneja wa hazina amechukuliwa na kampuni nyingine. Mfumo mpya wa kompyuta unaingia Aprili. Akasema hana mtu wa kuegemea zaidi yangu hadi katikati ya mwaka. Nikasema sawa. Nilijisikia nikilisema hilo neno, kama unavyomsikia mtu chumba cha pili. Nikatoka na faili langu kwapani.

Kwa hiyo itakuwa Juni. Nadhani ni sawa. Mtu hawezi kuondoka wenzake wakiwa wamening'inia.

Nilipiga simu Jumapili, ukumbuke. Tonge ndiye aliyepokea. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Ngoja," halafu nikamsikia akipaza sauti: "Mama, simu!" Ukaja wewe, tukaongea habari za koti.

Alikuwa anamwita nani?

Mdogo wako,
Kasuku


14 Aprili

Kasuku,

Marahaba, na pole kwa hilo dari. Tafuta fundi kabla mbao hazijaoza; ndoo haizibi paa.

Sisi salama. Tonge ameng'oka jino la mbele. Alilificha ndani ya kochi la mteja, na ilibidi nilifungue kochi upya kulitafuta. Darasa la kwanza ameshalizoea. Sare yake, sketi na blauzi, nimeishona mwenyewe, na mwalimu wake anasema hanyamazi, jambo ambalo mimi na wewe tunajua lilitoka wapi. Wewe ulikuwa ukiongea hadi usingizini. Hukuitwa Kasuku bure. Viti vya hoteli nimevimaliza, wamenilipa nusu, nyingine naifuata kwa miguu.

Kuhusu Mkurugenzi wako, umefanya vyema. Juni ni wakati mzuri. Hata kama ni baada ya Juni kidogo, si vibaya. Watu wenye akili wanaondoka kazi ikiwa imetulia, wakaagwa kwa maneno mazuri, na siku wakihitaji barua ya sifa hawakuti mlango umefungwa. Siku ukienda, toa sababu moja tu. Ukitoa mbili watazijadili. Usiseme mabaya ya mtu, hata ya yule mlinzi uliyesema anakuita "bibie". Na uwe umeshaamua kabla ya kuingia, maana watakupa kitu.

Jumapili nilikuwa na wageni, nisamehe kama simu ilikuwa na kelele.

Shemeji yako anakusalimu. Yupo nyumbani wiki hii, gari limeharibika gia. Anakaa hapa karakanani akinitazama ninavyokuandikia, na hilo silipendi.

Dada yako


3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini gia zilipona na Shemeji yuko barabarani. Dari limezibwa. Kumekuwa kimya sana hapa ndani.

Nimeacha kazi. Nilikwenda mwishoni mwa Mei, siku ambayo mfumo mpya ulikuwa umefanya kazi wiki nzima bila kukwama. Mkurugenzi alikuwa amevua viatu chini ya meza. Huwa anavua mambo yakitulia. Nilimpa barua, akaisoma, akavaa viatu. Nakuandikia tulivyosemezana kwa sababu nimekuwa nikiyarudia kichwani.

"Umepata wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijapata popote.

"Basi unakwenda wapi?"

"Kwa mtoto wangu."

Akaiweka barua mezani. Kisha akasema mwakani anastaafu, na kwamba jina moja tu ndilo alilolipeleka kwenye bodi. Hakulitaja, alinitazama tu. Ulinionya kwamba watanipa kitu. Nilimshukuru, nikasema nimekwisha kuamua. Sikuona fahari, sikuona hasara. Nilikuwa naangalia kikombe chake, kilikuwa na ufa karibu na mkono wa kushikia.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mumeo alipofariki ulirudi hapa baada ya wiki moja. Nilipaswa kukurudisha nyumbani. Lakini tulikuwa tunafunga robo mwaka, na nilipokuona mlangoni nilifurahi." Akaikunja ile barua yangu, akaikunjua. "Haikuwa siku ya kufurahi."

Nikamwambia si kitu. Nadhani alitaka niseme neno jingine, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Tukakubaliana niutumikie mkataba mpaka siku ya mwisho ya Agosti. Kazi zangu namkabidhi Mama Pacha, yule mhasibu niliyekusimulia, mwenye mapacha wanaopiga simu ofisini kushtakiana. Anajua kazi, ila anaogopa benki. Tutakwenda naye mara mbili tatu mpaka awazoee. Nimemwambia yeye kwanza, kisha idara nzima, kama inavyotakiwa. Walishangaa, wengine wakanikumbatia. Nikakumbatiwa.

Kwa hiyo Septemba nitakuwa huko. Mwambie Tonge nakuja kumchukua.

Lile swali langu la Machi hukulijibu.

Kasuku


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, na tuyaache hayo ya uzima, niseme lililo rohoni.

Alikuwa ananiita mimi.

Mwanzo alikuwa akiniita mama mkubwa, kama inavyopasa, kwa kuwa mimi ni dada wa mama yake. Lakini mtoto akiwa anakimbia ameumia goti, neno refu namna ile halimfikishi. Akalikata. Akabakiza mama. Nilimrekebisha mara ya kwanza. Mara ya pili nilimrekebisha kwa sauti ndogo. Mara ya tatu nikaitika. Wewe anakuita mama wa simu. Husema bila ubaya, kama anavyosema mjomba wa gesi, yule anayetuletea mitungi.

Unajua mimi na Shemeji yako tulivyohangaika na hospitali, na unajua tuliacha lini. Sikulii shida, hilo ni la zamani na nilishalizika. Nakueleza tu kilichonipata. Nilimpokea mtoto wa ndugu yangu nikamweka chumba cha vitambaa, asubuhi akaamka na nyuzi kichwani, akacheka. Basi.

Nilipokuambia usubiri wakaguzi, lilikuwa neno jema. Nilipokuambia usubiri bonasi, lilikuwa neno jema pia. Nilipokuambia kwamba hata baada ya Juni si vibaya, Shemeji yako aliyekuwa amekaa pale benchini aliuliza, "Hapo unamshauri yeye au unajishauri mwenyewe?" Nilimwambia ashughulike na gia zake. Lakini sikuichana karatasi ile, niliituma.

Sasa nakuomba jambo. Usimchukue Septemba. Mwache amalize mwaka wa shule. Najua naomba nini. Najua pia kwamba ukikataa sina neno la kukujibu, maana wewe ndiye uliyemzaa, na kila mtu anajua hivyo ila yeye.

Sijamwambia kwamba unakuja kumchukua. Nilishindwa.

Dada yako


29 Julai

Kasuku,

Mwezi umepita. Posta wanasema barua yangu ilifika. Nimepiga simu mara mbili ukasema "salama" mara mbili.

Kama umekasirika, kasirika, ila uniandikie. Nimezoea hasira zako tangu ukiwa na meno ya utotoni. Ulikuwa ukinuna unajificha nyuma ya mlango halafu unaita watu waje wakutafute. Huu ukimya wa sasa siujui. Tonge mzima. Jino jipya limeota, limekaa upande.

Dada yako


12 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sikukasirika. Ndiyo maana nilichelewa kuandika. Nilikaa nikingoja hasira, nikasema ikifika nitaiandika. Haikufika. Nilisoma barua yako nikapiga pasi nguo. Kesho yake nikaisoma tena kazini, Mama Pacha akaniuliza kama ni habari mbaya, nikamwambia mwanangu ameng'oka jino. Jino lilikuwa kwenye barua ya Aprili. Niliyokuwa naisoma ni ya Juni. Sijui kwa nini nilimjibu vile.

Umenieleza la kwako, na mimi nikueleze la kwangu.

Haikuwa wakaguzi, wala bonasi, wala mfumo. Yote hayo yalikuwa kweli na yote yangeweza kuachwa. Watu wanaacha kazi kila siku, hesabu zinafungwa na wengine. Mimi kila tarehe ilipokaribia nilifurahi kupata nyingine mbele yake. Hapana, si kufurahi. Nilipumua.

Desemba nilipokuja, Tonge alinikimbilia kituoni kwa sababu ulimsukuma mgongoni, nilikuona. Akanikumbatia miguu. Nami nikasimama pale na mizigo yangu, na ilikuwa kama kukumbatiwa ukiwa umevaa makoti matano. Nilijua ni mwanangu. Nilijua hivyo kama ninavyojua namba ya akaunti ya kampuni. Nikainama, nikambusu, nikasema maneno ambayo mama husema. Siku tatu nilisema maneno hayo. Kwenye basi la kurudi nililala usingizi mzuri.

Yeye ana uso wa baba yake, Dada. Hata anavyokunja mdomo akifikiri. Nilimtazama akila nikangoja niumie. Sikuumia.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba anakuita mama, nilisema: mtoto ana akili. Ameita mahali panapoitika.

Notisi inakwisha tarehe ile ile. Sirudi nyuma, na sina kazi nyingine wala sitafuti. Ila siji kumchukua. Akiondolewa kwako apelekwe kwa mtu ambaye hayupo, atakuwa amepoteza wazazi mara ya pili na bado hajafika darasa la pili. Kama mna nafasi nitakuja kukaa. Kama hamna, nitapanga chumba jirani. Sijui nitakuwa nani hapo. Niite mdogo wako tu.

Nalala, kama bado unauliza. Nalala sana.

Kasuku


21 Agosti

Kasuku wangu,

Marahaba.

Nimemsomea Shemeji yako barua yako. Aliinuka, akaenda chumba cha vitambaa, akaanza kuhamisha marobota bila kunieleza kitu. Sasa marobota yote yako sebuleni, hatuna pa kukaa, na wewe una chumba. Tonge atalala kwetu au kwako, atakapopenda.

Nilimwambia Tonge kwamba mama wa simu anakuja kukaa nasi. Akauliza kama utakuja na simu.

Njoo hivyo hivyo ulivyo. Sikujui ukiwa mwingine.

Dada yako


2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hii itafika siku moja au mbili kabla yangu, kama basi halitaishinda posta.

Wameniaga. Walikata keki saa za chai. Mkurugenzi alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote pale hakuna hesabu niliyoichelewesha. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikawashukuru mmoja mmoja kwa jambo moja moja: huyu alinifundisha hiki, yule alinivumilia lile. Nilikuwa nimejitayarisha. Kila mtu alisema nimeondoka vizuri. Mama Pacha alilia hadi miwani ikafunga ukungu, ikawa mimi ndiye ninayembembeleza.

Nilikabidhi funguo, kadi ya mlangoni na kompyuta, nikasaini. Mlinzi akafungua geti akasema, "Kesho, bibie." Nikamjibu, "Kesho." Sikuona haja ya kumchosha na maelezo.

Nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe. Nguo za Baba Tonge nimezifunga kwenye sanduku moja, nakuja nazo. Sikuzinusa. Nilizikunja.

Kasuku


26 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mama mkwe wako. Shemeji alipita hapa jana kujaza mafuta, akasema mguu wa mama unaunga vizuri na kwamba ameshaanza kukugombeza unavyopika, kwa hiyo tumeelewa anapona. Usiharakishe mambo huko unakomuuguza. Hapa wiki hizi mbili hatujaunguza nyumba.

Karakana inaenda. Mimi natoa pini za stepla kwenye fremu za zamani, ndiyo kazi pekee ambayo fundi wako amenikubalia baada ya kuona nilivyoshona ule mto. Mteja wa kochi la kijani alikuja mara mbili kuulizia. Nilimwambia wakati mzuri ni baada ya wewe kurudi. Tonge anakwenda shule, anarudi, anakula. Kama ujuavyo, tangu nije hajapata jina la kuniita. Lile la simu aliliacha aliponiona kila siku. Ananiita "wewe". Wewe, maji yamechemka. Wewe, kuna mtu mlangoni. Nimelizoea, si baya.

Sasa nikusimulie ya Jumanne, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Alirudi shuleni mchana, nami nilikuwa nyuma ya ile fremu kubwa. Sikumwona alipopanda kwenye meza ya kukatia. Nilisikia kishindo. Kopo la gundi lilikuwa limelala ubavu juu ya kitambaa cha kijani, kile cha yule mteja, na gundi inatembea taratibu hadi ukingoni. Tonge amesimama katikati na brashi mkononi. Alitaka kukusaidia, alisema baadaye, ukirudi ukute kochi limekwisha.

Nikampigia kelele. Dada, sijui sauti ile niliitoa wapi. Fundi alitoka nje akiwa na nyundo akidhani kuna mwizi. Niliyasema yote, ya gundi, ya meza, ya mtu mzima kuambiwa jambo mara mia, na nilikuwa nimekasirika kwelikweli, na sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa ikisema, tazama, huyu amekasirika.

Tonge akaanza kulia. Akakaa palepale juu ya gundi, akalia akisema, "Namtaka mama. Namtaka mama."

Nilijua anamtaka nani. Hakuwa akiniita mimi, na hakuna aliyekuwa akinificha jambo, tulishalisema kwenye karatasi na mezani. Lakini safari hii liliingia. Unajua ukikalia mguu mpaka ukafa ganzi, halafu ukasimama, damu inavyorudi na sindano zake, ukatamani ubaki umekufa? Ilikuwa hivyo, ila kifuani. Iliuma, Dada. Nikashika ukingo wa meza. Nikamwona Baba Tonge pale mdomoni mwa mtoto, alivyoukunja, na hilo nalo likauma, na jingine nyuma yake, na jingine. Nikakaa kwenye fremu isiyo na sponji, kwenye springi tupu, nikalia mbele ya fundi na mteja mwingine aliyekuja kuuliza bei. Mteja akasema atarudi.

Tonge alinyamaza kabla yangu. Alishuka mezani, sketi imemganda miguuni, akaja akasimama mbele yangu.

"Na wewe unamtaka mama?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

Akaniambia nisilie, unarudi Jumamosi, akavuta upande wa kitambaa cha kijani uliokuwa bado mkavu, akanipa nipengee kamasi.

Kwa hiyo kitambaa cha yule mteja wa kochi la kijani usikitegemee tena.

Mdogo wako,
Kasuku